Senta hajafa, sheria ndizo tofauti

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, unapoanza, kurasa za michezo hurudia wimbo ule ule: zama za senta, yule mrefu anayecheza karibu na ringi, zimekwisha, siku hizi ni mitupo ya mbali ya pointi tatu tu. Ushahidi unaoletwa ni wa mwaka 2009, Memphis Grizzlies walipomchagua Hasheem Thabeet wetu, mwenye mita 2.21, akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya, huku Stephen Curry, mrushaji hodari wa pointi tatu, akingoja hadi nafasi ya saba. Wapo makocha wanaolisoma hilo wakamweka benchi kijana wa mita 2.05 na kujaza uwanja magadi, yaani wachezaji wa nje, warushaji. Wanaiga bila kuangalia sheria.

Mabadiliko yenyewe hayana ubishi. Msimu wa 1979-80, mstari wa pointi tatu ulipoanza kutumika NBA, timu ilijaribu wastani wa mitupo 2.8 ya pointi tatu kwa mechi. Msimu wa 2008-09 ilikuwa 18, na msimu wa 2024-25 ilipita 37. Hesabu yake ni ya darasa la saba: anayefunga asilimia 36 ya pointi tatu anaipa timu pointi 1.08 kila anaporusha. Wa pointi mbili lazima afunge asilimia 54 ndipo amfikie.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ilisaidiwa na sheria. Tangu msimu wa 2001-02 NBA inaruhusu ulinzi wa zoni, yaani kulinda eneo badala ya mtu, ila mlinzi hakai ndani ya eneo la rangi, lililo chini ya ringi, zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu aliye umbali wa mkono. Kwa hiyo senta wa washambuliaji anatoka kusimama kwenye mstari, mita 7.24 kutoka kwenye ringi, na mlinzi wake mrefu hana budi kumfuata au kumwachia arushe. Njia ya katikati inabaki tupu, gadi anapita. Mwaka 2004 waamuzi wakaanza kubana pia kumzuia kwa mkono mwenye mpira, na gadi huyo akazidi kupata nafasi.

Sasa njoo kwetu. Ligi zetu na Basketball Africa League huchezwa kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo hazina sekunde tatu za mlinzi. Mrefu wako anaweza kukaa chini ya ringi dakika zote 40. Mstari uko mita 6.75, hivyo mtupo ni mwepesi kidogo, lakini na mlinzi anayetoka ndani kwenda kumfunika mrushaji amepunguziwa karibu nusu mita. Lipo na jingine lisilotajwa sana: kwa FIBA, mpira wa kurushwa ukishagusa ringi, yeyote anaweza kuupangua au kuusukumia ndani hata ukiwa juu ya ringi. NBA hilo ni kosa. Mwenye mikono mirefu anaokota hapo pointi ambazo Marekani asingezipata.

Na huko NBA kwenyewe, kuanzia 2019 hadi 2024, tuzo ya mchezaji bora wa msimu ilizunguka kwa watu watatu tu, Giannis Antetokounmpo, Nikola Jokić na Joel Embiid, wote juu ya mita 2.10. Senta alibadilishiwa kazi: anatoa pasi, anakaba nje.

Timu inayorusha kwa asilimia 28 inapata pointi 0.84 kwa mtupo, sawa na asilimia 42 ya pointi mbili, kiwango ambacho senta wa kawaida karibu na ringi hukipita. Tena mtupo mrefu ukikosa hudunda mbali, na bila wawili kurudi nyuma mara mpira unapotoka mkononi, shambulizi la haraka linawakuta watupu. Hata Houston Rockets, waliojengwa juu ya hesabu hii, mwaka 2018 katika mchezo wa saba wa fainali ya kanda ya Magharibi ya NBA walikosa mitupo 27 mfululizo na kumaliza na 7 kati ya 44.

Tatizo ni kwamba wengi hawajui asilimia zao. Fomu ya matokeo ya FIBA huzungushia duara namba ya aliyefunga pointi tatu, lakini aliyekosa haandikwi popote. Kila timu inahitaji mtu mmoja kando ya uwanja mwenye daftari la waliokosa. Nanyi, Mhariri, mnapochapa matokeo ya ligi, tunaomba mbele ya pointi tatu zilizoingia muweke na zilizorushwa.

Mdau wa kikapu,
Dar es Salaam