Ivory House haikuanzia London

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu maghala ya zamani yaliyogeuzwa fleti. Imeandikwa vizuri, hasa pale inapoeleza kwa nini majengo hayo yanakubali wakazi: kuta nene za matofali, sakafu zilizojengwa kubeba mizigo mizito kuliko familia yoyote, na ile milango ya ghorofani ya kupokelea shehena ambayo fundi akiiwekea vioo na vyuma inakuwa roshani. Hapo sina neno. Nina neno na aya moja, ile ya Ivory House ya London, ambayo mwandishi wenu ameipitia mbiombio: eti jengo lilihifadhi bidhaa za kutoka mbali, na jina lake linavutia.

Jina hilo maana yake ni Nyumba ya Pembe, yaani pembe za ndovu. Basi tulizungumze.

Kwanza kiwanja. Gati za St Katharine, lilipo jengo hilo, ubavuni mwa Mnara wa London, zilifunguliwa mwaka 1828, mhandisi akiwa Thomas Telford. Hapakuwa pori pale. Palikuwa na hospitali ya kanisa iliyoasisiwa mwaka 1147, na vichochoro vilivyojaa watu maskini. Nyumba zipatazo 1,250 zikavunjwa, watu wapatao 11,300 wakahama, na wapangaji, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuambulia fidia. Kwa hiyo tunaposifu ghala kwa kupata wakazi, tukumbuke kwamba wakazi walikuwapo kabla ya ghala.

Ghala lenyewe lilijengwa miaka ya 1850, na mnara wake wa saa bado umesimama. Katika miaka ya 1870, biashara ilipopamba moto, inakadiriwa kuwa karibu tani 200 za pembe zilipitia humo kila mwaka. Zipo picha za karne ile zilizopigwa katika maghala ya bandari ya London: pembe zimelazwa sakafuni safu kwa safu, wanunuzi wenye kofia wakipita katikati yake wakizikagua. Kutoka hapo zilikwenda kuwa vibao vya piano, vitana, mipini ya visu na mipira ya biliadi.

Na kabla ya sakafu ile? Hapa ndipo makala yenu iliponyamaza, na hapa ndipo sisi tunaosoma Kiswahili tulikuwa na haki ya kuelezwa zaidi. Soko kubwa la pembe za Afrika Mashariki lilikuwa Unguja, zikipimwa kwa frasila, takribani kilo 16 kila moja. Ziliingia huko kwa majahazi kutoka Bagamoyo na bandari nyingine za mrima, na Bagamoyo zilifika mabegani mwa watu, kutoka Tabora na mbali zaidi, safari ya miezi. Wengi hudhani wapagazi wote walikuwa watumwa. Watumwa walikuwamo, na biashara hizo mbili zilishikana. Lakini Wanyamwezi wengi walikuwa watu huru wenye ujira, na waliijua thamani yao. Mpagazi wa pembe alitangulia mbele ya wenzake, na kwenye ncha ya pembe alifunga kengele ya ng'ombe, ikilia kila hatua. Kijiji kiliusikia msafara kabla ya kuuona. Mwandishi wenu alikuwa na kengele hiyo mkononi, akachagua kutueleza habari za vigae vya bafuni.

Jinsi ghala lilivyokufa mmeieleza sawasawa, ila mmeyasahau mabomu ya Vita Kuu ya Pili, yaliyoteketeza maghala mengi ya jirani. Meli nazo zilizidi kuwa kubwa, milango ya maji ya gati zile ikawa myembamba kwao, kisha kontena likaja kuwaondoa makuli. Gati zikafungwa mwaka 1968. Miaka ya 1970 Ivory House ikatengenezwa upya, maduka na migahawa chini, fleti juu, na mashua za starehe zikifungwa mbele yake.

Sipingi fleti hizo. Bora jengo likaliwe kuliko kubomolewa. Pia nakiri kwamba wenyewe hawakulificha jina. Ng'ambo ya mto, kule Butler's Wharf, yapo majengo yaliyopewa majina ya karafuu, mdalasini na iliki, na mnunuzi anayaona kama marashi tu. Lakini gazeti si dalali wa nyumba. Dalali ana sababu ya kuishia kwenye mandhari ya maji, maana ndiyo anayoyauza.

Ombi langu ni dogo. Mnaahidi sehemu ya pili ya makala hii mwezi ujao. Mwandishi aianzie Tabora, aende kwa miguu hadi pwani, na ajue yule wa mbele alikuwa amebeba nini.

Msomaji wenu wa siku nyingi