Nguchiro anasingiziwa

Mhariri naomba kanafasi kidogo. Huku kwetu Tandahimba kuku akiliwa tu usiku basi lawama zote kwa nguchiro, watu wanapaka sumu kwenye dagaa wanategesha, wakati wale nguchiro wa makundi wenye mistari mgongoni wanatembea mchana jamani, usiku wamejilalia zao kwenye kichuguu! Sisemi hawaibi, mayai wanaiba sana tu, tena ukiwaona utacheka, mmoja anageuka anaweka mgongo kwenye jiwe halafu anarusha yai kinyumenyume katikati ya miguu mpaka lipasuke, konokono nao hivyohivyo. Na hawakai kichuguu kimoja, siku chache wanahama, adui akija wanajikusanya wanamvaa kwa pamoja.

Wa usiku mara nyingi ni kanu, yule mwenye madoadoa na mkia wa pete, anapanda mkorosho kama hana mifupa. Lakini huyohuyo ndo anakula panya wetu. Sumu inaua yeye, inaua paka na mbwa wa jirani, panya wanabaki wanasherehekea. Maafisa ugani wapite vijijini watuelekeze mabanda ya kuku yenye wavu wa matundu madogo na mlango unaofunga kweli.

Mkulima wa korosho,
Tandahimba, Mtwara