Barua ya wazi: Mheshimiwa MCA (mjumbe wa bunge la kaunti), tufungulie chumba cha vitabu

Mheshimiwa, salamu kwako na kwa familia. Jina lako sitaliandika, wewe unajijua na sisi wa mtaa tunakujua, maana wakati wa kampeni ulisimama kwenye ngazi za kile chumba cha vitabu hapa Kisumu ukasema watoto wetu watasoma humo mpaka usiku na stima itakuwepo. Tulikupigia makofi. Mimi nilipiga sana.

Nimenyamaza lakini la juzi limenishinda. Mvua imepita kwa yale mabati tuliyokuonyesha, ikalowesha rafu yote ya riwaya, na Jumatatu nikakuta vitabu vimerundikwa kando ya ukuta vinangoja mtu wa kununua karatasi kwa kilo. Nikaokota Coming to Birth cha Marjorie Oludhe Macgoye, kurasa zimeshikana ukivuta zinachanika, muhuri wa ndani umeyeyuka umekuwa doa la zambarau. Mlinzi akaniambia mama wachana nazo, hizo ni hadithi tu, vya mtihani tumevificha viko salama.

Hadithi tu! Hiyo riwaya ilitoka 1986. Mhusika mkuu, Paulina, anatoka huku kwetu 1956 kwa treni kumfuata mumewe Nairobi wakati wa hali ya hatari ya mkoloni, anakomaa pole pole na nchi nayo inazaliwa pale pale akiwa ndani yake, halafu mtoto wake anauawa kwa risasi hapa hapa Kisumu 1969, wakati Rais Jomo Kenyatta alikuja kufungua ile hospitali tunayoiita Russia. Ile tarehe 25 Oktoba ya kweli, watu walipopigwa risasi. Mimi darasani sikufundishwa hiyo siku, na nyumbani wazee walikuwa wakinyamaza, nafikiri bado waliogopa. Niliijua kwa riwaya. Sasa mtoto wa hapa atajiita Mkenya vipi kama kilio cha kwao hakiko popote kwenye hadithi ya Kenya?

Na si sisi Wajaluo peke yetu. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o kwenye riwaya yake A Grain of Wheat, 1967, uhuru hata haujamaliza miaka minne, anaandika kijiji kinamtaka Mugo ahutubie sherehe za Uhuru kumbe ndiye aliyemsaliti Kihika, mpigania uhuru wao. Vitabu vya historia vilitupa mashujaa tu, yeye akatuonyesha tulisalitiana na bado lazima tuishi pamoja. Mwisho wa 1977 akawekwa kizuizini bila kesi, hasa kwa ule mchezo wa kuigiza wa kijijini Kamĩrĩĩthũ, na huko gereza la Kamiti akaandika riwaya kwa karatasi ya choo. Serikali haiwezi kumfungia mtu hadithi tu, walijua kinachofanya watu waanze kujiuliza wao ni nani.

The River and the Source cha Margaret Ogola nacho kilikuwa kwenye lile rundo. Kinaanza na Akoko, msichana wa Kijaluo, mpaka kwa kitukuu chake Aoro anayeoa Wandia, Mkikuyu. Mwanzo wa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi, tukiwa tumejifungia ndani, barabarani matairi yanawaka, mimi nilikuwa namfikiria huyo Wandia, kwamba kuna mtu wa huku alikuwa ameshaiwaza Kenya ambayo mimi siioni dirishani.

Mwandishi Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, alitoa The Promised Land 1966 kabla hajawa mbunge wa Gem na waziri msaidizi wa utamaduni. Yaani mwanasiasa wa huku anaweza kujali vitabu, ilishafanyika.

Nafikiri pesa ya paa ilihamishiwa zile taa za barabarani, na taa ni nzuri, lakini uliahidi vyote viwili. Ofisini kwako naambiwa kila mara nirudi wiki ijayo. Binti yangu yuko Form Three, anasomea jikoni kwa tochi ya simu, na riwaya siwezi kumnunulia, bei yake ni unga wa wiki nzima.

Naomba paa, naomba rafu, naomba hizo riwaya zinunuliwe upya. Kama yote hayawezekani basi simamisha kwanza huyo mtu wa kilo, vilivyobaki vianikwe, na utupe ufunguo. Wazazi tutakaa zamu wenyewe. Ufunguo tu Mheshimiwa, wiki hii.

Wako,
Mzazi na msomaji, Kisumu