Watonga wa Binga wasiachwe nje ya habari za Kariba

Mhariri,

Makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu bwawa la Kariba ilisifu ukuta wake wenye kimo cha mita 128 na kueleza jinsi wanyama walivyookolewa maji yalipopanda, lakini haikuwa na hata sentensi moja kuhusu Watonga, wenyeji wa bonde la Zambezi, ambao takriban 57,000 kati yao walihamishwa katika nchi ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe.

Kabla mto Zambezi haujazibwa mwishoni mwa 1958, Watonga walikuwa na mashamba ya mvua na pia vishamba vya ukingoni, ambako udongo ulioachwa na mafuriko ulishika unyevu hata wakati wa kiangazi. Wale wa upande wa kusini walisukumwa kwenye nyanda kame za wilaya ya Binga, nchini Zimbabwe ya leo, mbali na udongo huo. Makaburi na mahali pao pa kuombea mvua vikazama, na jamaa waliozoea kuvuka kwa mtumbwi kwenda kujuliana hali wakatenganishwa na ziwa lenye urefu wa kilomita 280 hivi. Kule Chisomo, upande wa kaskazini, wanakijiji waliokataa kuhama walifyatuliwa risasi na polisi Septemba 1958, wakafa wanane. Ajabu ni kwamba mlinzi wa wanyamapori Rupert Fothergill na wenzake, waliowatoa swala visiwani kwa mashua, ndio wanaokumbukwa zaidi.

Hata neema ya ziwa haikuwafikia sawasawa. Kapenta, ambao sokoni Kongowea tungewaita dagaa tu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini vyombo vya kuwavua usiku kwa taa vinahitaji mtaji ambao wanakijiji wengi wa Binga hawana. Umeme nao umepita juu ya vijiji vingi ukielekea mijini na migodini.

Wala Binga si kilio kitupu: kuna chemchemi za maji moto, na kuna ngoma ya buntibe, ambayo wapigaji hupuliza pembe za swala, kila pembe ikitoa sauti moja tu, hata wimbo hauwezi kukamilika mmoja wao akikosekana.

Sisi wa Mombasa tunaosubiri maji ya bwawa la Mwache, ambalo ujenzi wake umewagusa wakulima wa Kinango, tuna haja ya kuisoma historia hii kwa ukamilifu. Naomba basi mchapishe makala ya pili, na safari hii mwandishi wenu awahoji wazee wa Binga waliohamishwa wakiwa watoto, maadamu wangalipo.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa