Kuh: malalamiko juu ya kipindi chenu cha asubuhi cha tabianchi

Kwa mhariri wa habari,

Mimi naendesha cyber hapa Huruma, redio yangu huwa kwa stesheni yenu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi nifunge, kwa hivyo msidhani ni mtu wa kutafuta makosa. Lakini kile kipindi cha Jumanne, kile cha "Tabianchi, ukweli ama porojo?", kimenikera hadi nikaona wacha niandike.

Mliita wageni wawili. Mmoja ni mama wa utabiri wa hali ya hewa, hiyo ndiyo kazi yake, mwingine mkamtambulisha ati mtafiti na baadaye akajisemea mwenyewe anauza ploti Kitengela. Sina neno na watu wa ploti. Shida ni mliwapimia dakika sawa kama wagombea wa MCA, na yule mama akianza tu kueleza vile Bahari ya Hindi ikipata joto mvuke unaongezeka na mvua inashuka nzito mkamkata mkaweka tangazo la unga, tukirudi swali likaenda kwa wa ploti. Halafu mkafungua kura ya WhatsApp, tuseme kama tunaamini dunia inapata joto! Si hiyo ni kama kupiga kura kama EPRA ilitangaza bei ya mafuta tarehe 14 ama haikutangaza? IPCC, lile jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, ilishasema 2021 hakuna shaka binadamu ndio wameongeza hilo joto, na IPCC ilianzishwa 1988 na shirika la hali ya hewa duniani pamoja na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hawa hawa wa Gigiri hapa Nairobi, mngetuma hata boda awaletee mtu wa kuhoji.

Bwana wa ploti akaleta ile skendo ya 2009, barua pepe za wanasayansi wa tabianchi zilizoibwa University of East Anglia kule Uingereza, mtangazaji wenu akasema "hiyo ni kali" na akanyamaza. Zilichunguzwa! Tume kadhaa, zikawalaumu wale wanasayansi kwa kubania watu data walipoulizwa, lakini hazikupata mahali wamepika matokeo. Angetaja kosa la ripoti ya IPCC kwamba barafu ya Himalaya ingeisha 2035 ningemkubalia, hilo IPCC wenyewe walikiri 2010. Na msiseme mlikuwa mnafanya usawa, hata BBC waliambiwa na Ofcom, wale wasimamizi wa utangazaji Uingereza, 2018 walikosea kumwacha Nigel Lawson, mwanasiasa wa huko anayepinga sayansi ya tabianchi wakati huo, aongee tu hewani bila kupingwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ubishi wa kweli upo na hamkuugusa. 2024 mto Mathare ulipofurika maji yalinifikia hadi magotini, CPU mbili za chini zikaenda na hiyo matope. Sasa ile mvua, ni joto la dunia ama ni mitaro imejaa takataka na watu kujenga hadi kwa ukingo? World Weather Attribution, wanasayansi wanaopima kama joto la dunia limechangia majanga ya hali ya hewa, waliipima wakasema joto huenda liliongeza nguvu ya mvua kama asilimia 5 hivi, na wakasema wazi hawana uhakika mkubwa, ilhali kwa ule ukame wa kuanzia 2020 walisema uwezekano uliongezeka kama mara 100. Hapo ndipo mngeweka watu wawili wabishane, mtu wa mvua na mtu wa kaunti, tungesikiliza hadi chai ipoe.

Juzi mzee mmoja alikuja nimprintie fomu, ananiambia anarudisha mabati yake pale pale kando ya mto juu redio imesema hayo mambo ni porojo. Nilikosa la kumjibu.

Naomba mrekebishe hewani, saa ile ile ya kipindi, si usiku wa manane, na yule mama arudi amalize sentensi yake. Siku 14 zikiisha bila jibu nitapeleka kwa Baraza la Vyombo vya Habari, na rekodingi ninayo.

Msikilizaji wenu,
Huruma, Nairobi