Seun Adigun si mistari miwili

Bwana Mhariri,

Olimpiki za msimu wa baridi zikifika, magazeti yetu, na lenu likiwemo, huwapa Waafrika mistari miwili tu: walienda, wakashika mkia. Seun Adigun anastahili zaidi ya hapo, na wasichana ninaowafundisha mbio hapa Goma wana haki ya kumjua.

Adigun alizaliwa Marekani na wazazi wa Nigeria, akaikimbilia Nigeria mita 100 kuruka viunzi London mwaka 2012. Baadaye akageukia bobsledi, chombo kinachoteremka kwenye mfereji wa barafu kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Nigeria haikuwa na shirikisho la mchezo huo. Barafu ndiyo usiseme. Akachukua mbao, akajiundia sledi ya mazoezi ndani ya gereji huko Houston, mji wa joto, akaanza kuisukuma. Sisi watu wa Goma tunamwelewa upesi: chukudu, vile vyombo vyetu vya mbao vya magurudumu mawili, zinazoshuka kutoka Kibumba zikiwa na magunia ya viazi zimetoka vilevile mikononi mwa mtu mwenye mbao na misumari.

Akawavuta Ngozi Onwumere na Akuoma Omeoga, nao wakimbiaji. Bobsledi inawataka wakimbiaji, maana inaanza kwa mbio tupu: wawili wanainama, wanashika vipini, wanasukuma kwa nguvu zote kwa viatu vya meno, kisha dereva anarukia ndani. Wa nyuma anafuata, anainamisha kichwa asione kitu hadi chini, ambako ndiye anayevuta breki. Fedha walizichangisha kwenye intaneti, dola 75,000. Februari 2018, PyeongChang, Korea Kusini, Adigun akaendesha na Omeoga akashika breki: timu ya kwanza ya Afrika katika bobsledi ya Olimpiki. Walimaliza wa mwisho kati ya timu 20. Hilo liandikwe, lakini lisiandikwe peke yake.

Hapa kwetu msichana akimaliza shule, viatu vinakwenda kwa mdogo wake na mbio zinaishia hapo. Inaniuma sana, kwa sababu miguu ile bado ina kazi. Nawaomba viongozi wa michezo wa jimbo wawaite wasichana hao wajaribu baiskeli, wajaribu makasia, ziwa tunalo. Nanyi mkiandika habari za wanamichezo kama Adigun, tuelezeni nani aliunda chombo na nani alilipa.

Mwalimu wa riadha,
Himbi, Goma