Huu mlima wa lini?

Moshi, 9 Februari

Ndugu yangu Shabani,

Habari za siku nyingi? Sisi wazima, Mama Upendo anakusalimu na anadai kanga yake. Simu yako haipatikani tangu Krismasi, kwa hiyo barua hii nampa yule kijana wa basi la Tanga anayepajua kwenu. Kama umebadilisha laini kimyakimya, tutaongea.

Nina shida ndogo. Si ndogo. Ile picha ya Mlima Kilimanjaro niliyokupa ulipooa, bado iko sebuleni kwa Mama? Ngoja nianze mwanzo.

Mwezi wa kumi na moja alinijia bwana mmoja mwenye hoteli, anataka mchoro wa mapokezi, mita mbili kwa moja na nusu, rangi ya mafuta, mlima kama unavyoonekana kutoka Moshi. Akatoa nusu ya hela papo hapo, nikamwamkia mara ya pili. Kisha akanipa picha ya kalenda nifuatishe: tembo watano, nyasi kavu, kilele cha Kibo nyuma. Nikatazama, kilele cha pili, Mawenzi, kiko kushoto! Nikamwambia, mzee, hii imepigwa upande wa Kenya, sisi huku Mawenzi tunauona kulia. Akasema, "Wageni watajuaje?" Mtu kazaliwa Kibosho, huku huku mlimani, Shabani. Kibosho!

Tukaelewana, tembo wakatoka. Nikawa napanda juu ya paa la Mzee Kimaro kule Rau kila siku saa kumi na mbili kasoro, na chupa ya chai, maana unajua mwenyewe, ikifika saa tatu mlima umeshajifunika. Msitu ulinitesa siku tatu. Ukiuangalia kwa haraka ni kijani, ukikaa nao ni buluu iliyochafuka. Na kile cheupe cha kule juu wala si cheupe. Jua likipanda, upande wa kulia unakuwa kama kiini cha yai, na barafu iliyo kivulini ina rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Nyeupe, buluu kidogo, tone la kahawia. Tone likizidi, umepaka matope. Nzi naye aliganda pale Mawenzi, nikamtoa kwa sindano, mguu mmoja ukabaki. Usimwambie mtu.

Bwana akaja kuona kazi. Akasimama, akasogea, akarudi nyuma. "Mbona umeunyoa mlima?"

Nikamweleza kwamba ule weupe alioukuta mwezi wa tano ni theluji ya masika, inashuka, siku chache imeyeyuka. Barafu yenyewe ndiyo hii michirizi. Mwaka 1912 ilipimwa ikawa kama kilomita za mraba 12, mwaka 2011 hazikufika hata 2. Akanijibu hakuagiza hesabu, aliagiza mlima. Niliporudi nyumbani nikamkumbuka yule mmisionari Rebmann. Mwaka 1848 aliandika kwamba kaona theluji huku, wakubwa wa Ulaya wakamwona kachanganyikiwa. Mimi nasema haipo, nami naonekana vivyo hivyo.

Hela iliyobaki haitoki mpaka "nirudishe" theluji. Na ada ya Upendo unaijua.

Basi niliongeza. Ndiyo, usiku, kwa taa, niliongeza. Nikaishusha mpaka karibu na mabega, na ilipendeza, huo ndio ubaya wake. Asubuhi mama mkwe akapita na sufuria ya uji, akasimama. "Huu mlima wa lini?" Hakuuliza kwa ubaya. Akasema ndivyo ulivyokuwa alipokuwa msichana, anapeleka ndizi Kiborloni. Akaenda zake na uji wake. Nikachukua kisu nikakwangua yote ikiwa bado mbichi.

Sasa kinachoninyima usingizi ni ile picha yako. Tulikuwa Majengo, mwaka 2003, juu ya lile paa la mabati lililokuwa linatuchoma makalio. Kichwani mwangu, ile picha ina weupe mwingi, umeshuka hasa upande wa kushoto. Lakini niliuona kweli, au nilikuwa kijana tu nimepata mkebe wa rangi nyeupe wa bure kutoka kazi ya mabango? Nakumbuka mahindi yako ya kuchoma. Mlima siukumbuki.

Ipeleke dirishani mchana, uipige kwa simu ya mtu yeyote bila mwanga wa kamera, halafu uipige tena kwa karibu pale chini ya kilele, kushoto. Tuma kwa namba ya Mama Upendo. Kama nilichora nilichokiona, nitamchorea huyu bwana mlima wa 2003 na mwaka nitauandika pembeni, achague mwenyewe. Kama nilitunga... hapo sijui.

Ilikuwa asubuhi au jioni? Mvua ilikuwa imenyesha siku hizo? Hukuniambia "punguza", au huyo alikuwa Bosco? Na Mama hajaitundika karibu na jiko la mkaa? Mguu wake unaendeleaje? Bosco alikulipa? Mfikishie Mama shikamoo yangu, na picha uipige kabla ya Ijumaa, bwana anarudi Jumamosi.

Wako,
Eliud